Kutunga Yasmini: Maua ya Harusi ya Pwani na Maneno Yake

Kitenzi kutunga kina kazi nyingi. Mvuvi hutunga samaki kwa kupitisha kamba matamvuani, akaubeba mtungo wake na kurudi nyumbani. Mtoto wa kike hutunga shanga, mchoma nyama hutunga mishikaki, bunge hutunga sheria, jipu hutunga usaha. Sisi wa kalamu nasi hutunga mashairi, na kwa ajili hiyo tukaitwa watunzi. Katika orodha hiyo iko kazi moja ambayo zamani nyumba nyingi za miji ya pwani ziliijua, na ambayo leo vijana wengi hawajapata kuiona ikifanywa: kutunga maua.

Makala haya yanahusu kazi hiyo na siku yake kuu, yaani harusi. Anayeingia leo katika ukumbi wa harusi, iwe Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, huenda akakuta maua yamesongamana ukutani nyuma ya viti vya maharusi, ua juu ya ua, pasipo nafasi ya kupenyeza kidole. Aliyeingia katika nyumba ya harusi karne moja iliyopita alikutana na msongamano pia, ila haukuwa ukutani. Ulikuwa shingoni, nyweleni, kifuani na kitandani, na aghalabu aliujua kwa pua kabla ya kuuona kwa macho. Kati ya misongamano hiyo miwili pana historia, na ndani yake yamo maneno yetu kadhaa yaliyohama mahali pake.

Shahidi wangu wa kwanza ni mshairi. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu na kupingana na masultani wa Zanzibar, alitunga utendi wake mwaka 1858, miaka miwili hivi kabla ya kufariki dunia, akimwusia binti yake, Mwana Hashima. Utendi huo umesomwa sana kwa mafunzo yake ya dini na ya utiifu wa mke, na umeshambuliwa na kutetewa kwa sababu hizohizo. Mimi nauomba ushahidi mdogo tu. Katika beti zinazohusu unadhifu wa nyumba na mwili, mama anamwagiza binti atunge yasmini na kuitia kwenye matandiko. Karibu na hapo anamwambia ajipambe kwa mavazi na kukaa kama bibi harusi, miguu na mikono ikiwa na mapambo yake.

Hebu tukitazame kitenzi alichokichagua. Angeweza kumwambia amwage maua kitandani, au ayatawanye. Mizani na vina vya Kiswahili havimshindi mtu wa kiwango chake. Amemwambia atunge. Maua yanayomwagwa hayahitaji ila mkono, lakini yanayotungwa yanahitaji sindano, uzi, mwanga wa kutosha na saa nzima ya kukaa. Kisha tukitazame kipimo chake. Mke aliyekwisha kuolewa anaambiwa ajipambe kama arusi, maana yake harusi ndiyo mizani inayotumika kupimia siku nyingine zote. Leo tumezoea kuyaona mapambo ya harusi kuwa ni israfu ya siku moja isiyofanana na maisha yanayofuata. Kwa Mwana Kupona mambo yalikuwa kinyume: harusi ilikuwa ukamilifu wa desturi ya kila usiku, na bibi harusi alipopambwa alikuwa akifundishwa jambo atakalolirudia kwa mikono yake mwenyewe.

Masharti ya desturi hiyo yaliwekwa na ua lenyewe. Yasmini ninayoisema ni ile ambayo wataalamu wa mimea huiita Jasminum sambac. Asili yake ni Asia, na ilifika kwetu kwa njia ileile ya pepo za msimu iliyoleta vitambaa, vyungu vya kaure na maneno. Jina lake limetoka katika Kiajemi na kupitia Kiarabu. Wengine wakalitamka yasmini au yasimini, wengine asumini. Mmea huu ni nadra kuzaa mbegu na huenezwa kwa vipandikizi. Kwa hiyo karibu kila mti wa yasmini uliosimama uani Lamu, Mombasa au Unguja ulipandwa na mtu aliyeomba tawi kwa mtu mwingine, naye akawa ameliomba kwa mwingine, hadi kufika bandarini. Natamani nasaba za maneno yetu zingekuwa rahisi kufuatwa kama hizo.

Ua la yasmini hufunguka usiku. Mchana liko tumba, jeupe, limefumba, na harufu yake imefungwa ndani. Mwenye kutaka kulivaa hangojei lifunguke, kwa kuwa likishafunguka halina muda mrefu. Asubuhi limeanza kugeuka rangi na kulegea. Kwa hiyo huchumwa alasiri likingali tumba na kutungwa papo hapo. Jua likizama, matumba huanza kufunguka yakiwa tayari uzini. Bibi harusi aliyevikwa koja baada ya magharibi huwa amevikwa kitu ambacho hakijafika kilele chake, na kinachozidi kunukia kadiri usiku unavyokua. Sijui pambo jingine lililo na busara ya saa kama hilo.

Hapo ndipo ufundi wa msongamano ulipo. Sindano hupitishwa katika kikonyo chembamba cha tumba, kimoja baada ya kingine, na matumba huelekezwa pande mbalimbali ili vichwa vyao viufiche uzi. Mtungaji huyasogeza karibu, lakini hayabani kwa nguvu zake zote, kwa kuwa anajua yatafunguka. Akiyabana mno, maua yatakosa pa kufungukia, yatasuguana na kupata alama za hudhurungi kabla ya mgeni wa kwanza kufika. Akiyaacha mbali, uzi utaonekana na koja litakuwa kama mdomo wenye mapengo. Anatunga basi kwa kukadiria nafasi ambayo bado haijajazwa, na kuijaza huiachia ua lenyewe. Mikono mingi hukaa pamoja kuifanya kazi hii, maana koja moja nene hula matumba mengi sana na alasiri ni fupi.

Wapenzi wa lugha watakumbuka kwamba Kiarabu nacho kimelitoa neno lake la ushairi mahali hapohapo. Nadhm, mzizi wa nudhumu yetu, asili yake ni kupanga lulu uzini. Tukiwa na nudhumu kutoka ng'ambo na utungo wa kwetu, tumejikuta na majina mawili ya ushairi ambayo yote yamezaliwa na uzi. Tofauti iko katika kinachotungwa. Lulu haina haraka, na aliyeikosea leo ataipanga upya kesho. Yasmini haina kesho.

Koja ni la kuonekana hata likiwa na harufu. Kikuba kina siri zaidi. Ni kifungu kidogo cha maua na majani yanukiayo, kilichobanwa na kufungwa pamoja, mwanamke akakivaa kifuani, akakichomeka nyweleni au akakitia ndani ya nguo. Ukikifungua utakuta historia nzima ya Bahari ya Hindi katika kiganja. Yasmini imo. Umo mrehani, ambao jina lake ni la Kiarabu na majani yake hutoa harufu yakiguswa tu. Huenda mkatiwa petali za waridi, neno jingine la Kiarabu. Umo mkadi, mti wa pwani wenye majani marefu ya miiba. Unguja na Komoro huweza kuwamo langilangi, ua la manjano lenye ncha zilizolegea, lililotoka Asia ya kusini-mashariki pamoja na jina lake, na ambalo Wakomoro wamelikamua mafuta kwa wingi kuliko watu wengine duniani kwa ajili ya watengeneza manukato wa Ufaransa. Juu ya mchanganyiko huo hunyunyizwa marashi au hupakwa uturi.

Halafu kimo kilua, na hapa naomba nisimame kidogo.

Mkilua haukuletwa na jahazi lolote. Ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ambao watu waliuhamishia majumbani mwao kwa sababu ya ua lake linaloning'inia, lenye harufu nzito kupita kimo chake. Wanawake wa pwani walikuwa wakilitia kwenye vikuba vyao kwa muda mrefu kabla wataalamu wa mimea hawajajua waliweke katika ukoo gani. Hatimaye Bernard Verdcourt, mtaalamu Mwingereza aliyeifahamu mimea ya Afrika Mashariki kwa karibu, aliona kwamba mti huu haufanani vya kutosha na jamaa zake hata uwekwe pamoja nao. Mwaka 1970 akaupa jenasi ya peke yake, na jina la jenasi hiyo hakulitafuta katika Kilatini wala Kigiriki. Aliuita Mkilua fragrans. Kiambishi m- cha ngeli ya miti, ambacho mwalimu wa sarufi hukiandika ubaoni pamoja na mwembe na mchungwa, kimeingia katika orodha ya mimea ya dunia kwa sababu ya kikuba. Kila mara nisikiapo kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sayansi huukumbuka mti huu.

Desturi ya kumsongea bibi harusi maua yanukiayo haikuwa yetu peke yetu. Ilikuwa lugha ya bahari nzima, nasi tuliisema kwa lafudhi yetu. Kusini mwa India, hasa katika mji wa Madurai na vijiji vyake, yasmini hufungwa kwa uzi na kuuzwa kwa mkono, yaani muuzaji huipima kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole. Huko wafungaji stadi hawatumii sindano; hufunga fundo kwa vidole kwa kasi isiyofuatika kwa macho. Kisiwani Java bibi harusi hufunikwa nywele kwa yasmini iliyotungwa mithili ya wavu, na utepe wake mrefu ukaangukia kifuani. Katika mkoa wa Lahij, karibu na Aden, watu hulima ua hilohilo wakaliita ful na kulitungia makoja ya harusi, nao hulivaa wanaume pia. Wahadhrami waliohamia Lamu na Mombasa, na Wahindi waliofungua maduka Unguja, hawakuhitaji kufundishwa maana ya koja walilolikuta. Kwa upande wa pili, kikuba chenye kilua hawakukikuta kwao.

Turudi sasa ndani ya nyumba. Mombasa usiku ambao bibi harusi huonyeshwa kwa wanawake wenzake huitwa Kupamba. Jina hilo linastahili kuangaliwa, kwa kuwa usiku haukuitwa kwa jina la mahali wala la chakula. Umeitwa kwa kitenzi, na anayetendewa kitenzi hicho ni mwanamke. Aliyekuwa akipambwa ni yeye: hina mikononi na miguuni, wanja, dhahabu, udi uliofukizwa hadi ukaingia katika nywele na nguo, na maua juu ya vyote. Chumba nacho kilikuwa na uzuri wake. Katika nyumba za mawe za Lamu kuta za ndani zina zidaka, safu za vijidirisha vipofu vilivyonakshiwa chokaa, ambamo viliwekwa vyombo vya kaure. Lakini ukuta ulikuwa umekwisha kupambwa na fundi tangu nyumba ilipojengwa. Siku ya harusi kazi ilibaki moja, ya kumpamba mtu. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 anaeleza maisha ya majumba ya Unguja ambamo manukato hayakuwa anasa ya sikukuu. Na Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeandika desturi za Waswahili wa Mrima katika kitabu kilichochapwa na Carl Velten mwaka 1903, ameitolea harusi kurasa nyingi, hatua kwa hatua, kama mtu ajuaye kwamba mambo haya yasipoandikwa yatabishaniwa.

Sitaki msomaji adhani ninaililia dunia iliyokuwa na haki. Majumba hayo makubwa yaliendeshwa kwa jasho la watumwa, na wengi waliochuma matumba ya alasiri hawakuwa na ruhusa ya kuyavaa usiku. Mavazi na mapambo yalikuwa mipaka ya daraja: nani afunike kichwa, nani avae viatu, nani anukie. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani Unguja walivyoyashika mavazi yaliyokuwa ya mabibi, wakayavaa na kuyageuza kuwa tangazo la uungwana wao. Siku hizo leso na kanga zilipozagaa mitaani, mwanamke aliyezaliwa na mama mtumwa aliweza kutunga koja lake na kulivaa yeye mwenyewe. Kwa hiyo ninaposema kwamba ufundi huu unapotea, ninasema pia kwamba kinachopotea ni kitu ambacho baadhi ya bibi zetu walikipata kwa taabu, na si muda mrefu uliopita.

Ukuta wa maua ulitoka wapi basi? Sehemu ya jibu iko Ulaya. Huko, katika karne ya 19, shada la mkononi lilifungwa kwa kubanwa mno: maua yalipangwa duara ndani ya duara, mengi yakichomekwa waya mahali pa vikonyo vyake, hata ukitazama kutoka juu huoni jani. Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840 alivaa kichwani shada la maua ya mchungwa, na mabibi harusi wa tabaka lake na wa chini yake wakamfuata kwa miaka mingi. Wapo waliochoka na msongamano huo. Mwingereza Gertrude Jekyll aliandika kitabu cha mapambo ya maua ya nyumbani mwaka 1907, na Constance Spry akaandika chake mwaka 1934, wote wakiyapenda maua yaliyoachiwa nafasi ya kupumua. Lakini mwaka 1954 huko Ohio, Marekani, Vernon Smithers alibuni sponji ya kijani inayonyonya maji, ambayo wapambaji huiita kwa jina lake la biashara, Oasis. Sponji hiyo ilifungua mlango. Kabla yake ua lilihitaji chombo, waya au uzi. Baada yake, lilihitaji tundu tu. Mtu aliweza kuchomeka maua mia kwenye tao, kwenye nguzo au kwenye ubao uliosimama wima, yakashikana bila kutungwa.

Jambo la pili lilitokea karibu na kwetu. Kando ya Ziwa Naivasha mashamba ya maua ya kuuza nje yalipanuka tangu miaka ya 1970 na 1980, na leo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza mawaridi mengi zaidi duniani. Waridi la kusafirishwa huchaguliwa kwa urefu wa kikonyo, kwa uimara wa petali na kwa idadi ya siku litakazosimama kwenye chombo huko liendako. Harufu haikuhesabiwa katika mtihani huo, na aina nyingi za kisasa zimeupita mtihani zikiwa hazinukii, au zinanukia kidogo sana. Kisha likaja ua la plastiki na la kitambaa, ambalo halinyauki, hukodishwa, na huhama kutoka harusi moja hadi nyingine pamoja na ubao wake.

Katika harusi moja niliketi karibu na bibi mmoja mtu mzima. Alipopita kwenda kuwapongeza maharusi alisimama mbele ya ukuta wa maua, akainama kidogo, akavuta pumzi. Aliporudi akaniuliza, "Mwanangu, maua yale yamekosa nini hata yakanyimwa harufu?" Nikamwambia, "Shikamoo bibi, ni ya plastiki yale." Akaitikia marahaba, akakaa, akayatazama tena kwa mbali. "Lakini aliyeyapanga ana mkono," akasema.

Nilipenda haki aliyoitenda. Ukuta ule una fundi wake, aghalabu kijana aliyekesha ukumbini usiku kucha na ambaye analipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo. Plastiki nayo imemwezesha mtu wa kipato kidogo kuwa na harusi inayopendeza katika picha. Ugomvi wangu uko kwenye lugha. Zamani tulisema bibi harusi amepambwa. Sasa tunaulizana ukumbi umepambwa na nani. Kitenzi kilichokuwa cha mwili kimekuwa cha jengo, na bibi harusi anaketi mbele ya pambo kama mgeni aliyekuja kupigwa picha nalo. Neno shada, lililoweza kuwa la shanga, la maua au la bibi harusi, katika magazeti yetu hukutana nalo zaidi siku za mazishi na za mashujaa, viongozi wanapoweka mashada makaburini. Mkononi mwa bibi harusi shada limepokonywa nafasi na bukee. Kikuba kwa wasomaji wengi wa bara ni neno la kamusini. Na kutunga, lililohitaji sindano, limebaki kwetu sisi washairi, tukilitumia bila kujua lilikuwa likifanya nini huko lilikotoka.

Hasara hiyo naiona katika mashairi yenyewe. Nyimbo za taarabu ziliwaita wapenzi kwa majina ya maua, na kila jina lilikuwa na harufu yake, saa yake na aibu yake. Kumwita mtu asumini kulikuwa kumpa usiku na kumkumbusha asubuhi. Nikisoma leo shairi la harusi lililotumwa na kijana, mara nyingi nakuta waridi lililoingia kwa sababu ya kina cha -di, jekundu, lisilo na mwiba wala harufu, linaloweza kubadilishwa na neno lolote lenye silabi tatu. Simlaumu. Ameliona ukutani hivyohivyo.

Shaaban Robert alikuwa na kitabu alichokiita Pambo la Lugha na kingine alichokiita Koja la Lugha. Wengi huyataja majina hayo kwa pumzi moja kana kwamba ni visawe. Kwa aliyewahi kuona yasmini ikitungwa hayawezi kuwa visawe. Pambo huweza kubandikwa juu ya kitu na mtu yeyote, likaondolewa, na kitu kikabaki kama kilivyokuwa. Koja halina cha kubandikwa juu yake. Ukiyaondoa maua umebaki na uzi, na ukiuondoa uzi umebaki na maua kwenye sakafu. Hata uzi wenyewe hauonekani ila umekatika. Nadhani mtu aliyezaliwa mkoani Tanga na kukulia pwani aliijua tofauti hiyo alipoyachagua majina yake.

Ufundi haujafa kabisa. Katika miji ya kale ya Mombasa na Lamu, na katika mitaa ya Unguja, wako wanawake wanaochuma yasmini alasiri na kuitunga kwa ajili ya harusi za usiku, na ukiuliza utaelekezwa mlangoni kwao. Usiku ukiisha koja huvuliwa. Halitupwi papo hapo. Huwekwa katikati ya nguo zilizokunjwa sandukuni, pamoja na kikuba kilichokauka. Mrehani hukauka ukawa mweusi, yasmini ikawa ya rangi ya chai, na kilua kikawa kikavu kama gome. Nguo hiyo ikitolewa baada ya miezi, harufu bado imo, hasa pale kwapani na kwenye mkunjo wa kola.